Jirani na Miguu ya Kabula

Ukitaka kumkosea yule mwanamke, umwite Mama Minza. Mimi nilimkosea siku ya kwanza tu nilipohamia Igogo. Mwenye nyumba alikuwa amenitajia jina hilo, nami nikaenda mlangoni kwake na sahani ya maandazi na adabu zangu zote. "Hodi, Mama Minza. Shikamoo." Aliitikia marahaba bila kuniangalia, akapokea maandazi, akayafunika, ndipo akasema, "Mimi niite jirani. Hilo jina jingine liache lilipo." Niliporudi ndani nikamwambia mume wangu kwamba hapa tumepata mtu mwenye roho ngumu, tutakoma.

Basi akawa Jirani. Hata watu wa mtaa wa chini, ambao hawakuwa jirani zake kwa lolote, walimwita Jirani, na watoto wakamwita Bibi Jirani. Sikuwahi tena kumwita vinginevyo, na hapa pia sitamwita vinginevyo.

Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti ya mtu aliyekulia kwenye kuita ng'ombe. Mkikaa mkeka mmoja atakusemesha kana kwamba uko ng'ambo ya maji, Busisi, na yeye yuko Kigongo. Siri haikukaa kwake, si kwamba alikuwa mmbea, ila alikuwa hajui kunong'ona. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa imeegemea jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za huku kwetu mlimani, na juu ya jiwe hilo alianika kila kitu: nguo, mihogo, majani ya kunde, na baadaye dagaa wa mwanangu. Ole wake kuku atakayepanda pale. Alikuwa akimtukana kuku mpaka mwenye kuku anatoka kuomba radhi.

Alipenda maziwa yule mama, Mungu wangu! Kwao ni watu wa ng'ombe, upande wa Kisesa, karibu na Bujora, na kila asubuhi muuza maziwa wa baiskeli kutoka huko alisimama kwake kwanza kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Maziwa ya mgando ndiyo yaliyomtoa akili. Lakini tangu ajue habari za binti yangu, hakuyanywa tena mbele za watu. Alijifungia mlango, akanywa amesimama nyuma ya pazia, kisha akatoka na mdomo wa juu mweupe.

"Jirani, unakunywa nini huko ndani?"

"Maji."

"Maji gani meupe?"

"Niache na mambo yangu. Mtoto akiona atataka."

Mtoto huyo ni Kabula, binti yangu wa kwanza. Alipoanza kuonja chakula, kila nilipomtilia maziwa ya ng'ombe kwenye uji alitapika, akatoka vipele mwili mzima, akaharisha mpaka akalegea mikononi mwangu. Nesi wa kliniki alinieleza vizuri sana, sina la kumlaumu. Alisema mwili wa mtoto huyu unayakataa maziwa, nisimpe mabichi, yaliyochemshwa wala mgando. Ila mifupa yake inahitaji kile kitu cha kuikomaza kilichomo kwenye maziwa, kwa hiyo nikitafute kwingine: dagaa wazima, wasagwe pamoja na mifupa yao, uji wa ulezi, mboga za majani, na nimtoe juani asubuhi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya akina mama hadi nje.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kilipunguza watu, na yeye akiwemo. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa vitu vya nje, na kati ya hivyo vitu kulikuwa na maziwa ya kopo yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Siku moja mume wangu akarudi na kopo hilo, amelikumbatia. Nikamwambia, baba Kabula, nesi amekataza maziwa. Akasema, "Amekataza ya ng'ombe. Haya ni ya kopo." Na mimi, na mtaa mzima, tuliona ana hoja! Ya kopo ni ya kopo, ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Hakuna aliyefikiria kwamba huko Ulaya nako kopo hujazwa na ng'ombe. Kabula alikunywa kikombe kimoja, tukaishia wodini. Baada ya hapo mume wangu alilia, maskini, akaligawa lile kopo kwa mwenye nyumba, na mimi nikamwachisha mtoto kila kitu cheupe. Nikabaki na uji wa mahindi mtupu, chai ya rangi, na ugali na mchuzi. Tumbo likatulia. Nikashukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Sasa niseme kuhusu macho ya Jirani. Watu wengine wakimsalimia mtoto humtazama usoni. Yeye alitazama miguu. Alimsimamisha mtoto yeyote njiani, awe wa kwako au wa mpita njia. "Hebu tembea nikuone. Haya, rudi." Watoto walidhani ni mchezo, wakamfuata wenyewe wakimwomba awakague. Watu wazima walimcheka, wakamwita mkaguzi wa miguu. Mimi pia nilicheka.

Nilicheka mpaka asubuhi aliyonikuta nikimwogesha Kabula kwenye beseni. Alikuwa amesimama ameshika bega langu, karibu kufikisha miaka miwili. Jirani alichuchumaa, akaweka kidole gumba chini ya goti la mtoto, akakishusha taratibu kwenye muundi hadi kifundoni. Akarudia mguu wa pili. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ya chini.

"Huyu anapinda."

"Atanyooka, Jirani. Wadogo wote wako hivyo."

"Nani kakwambia? Huyu anapinda, nakwambia. Nesi alisema umpe nini?"

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, kisha akaenda kwake akajifungia. Kesho yake alirudi na kinu mgongoni.

Hapa ndipo mtu huyu alipokuwa kichekesho. Jirani hakula samaki. Kwao samaki ni chakula cha watu wa ziwani, na harufu yake tu ilimgeuza tumbo. Aliishi Igogo, ziwa lile pale, na kila jioni mtaa mzima ukinukia sangara wa kukaanga, yeye amefunga dirisha analalamika. Leo mtu huyo ndiye anayeteremka mwaloni, kule ufukweni wanakouzia samaki, kila mara kunitafutia dagaa! Alijifunga kanga puani, akabaki macho tu kama mwizi. Wauzaji walimcheka, naye akawacheka pia kupitia kanga. Alikataa dagaa walioanikwa mchangani, kwa sababu mchanga hautoki hata uoshe vipi. Alitaka walioanikwa juu ya mawe au vichanja. Akirudi anawachambua, anawaosha kwa maji ya moto, anawaanika upya juu ya jiwe lake, anawakaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, halafu anatwanga. Vichwa hakutoa. Alichekecha kwa chekecheke la unga, kilichobaki anakirudisha kinuni, mpaka unga unakuwa laini kabisa. Kijiko kinaingia kwenye uji wa ulezi, kingine kwenye majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Kabula alipenda! Alilamba bakuli, mdomo kahawia.

"Jirani, onja basi kazi ya mikono yako."

"Weee! Nionje mimi? Nina wazimu?"

Si kwamba alijua kila kitu. Mume wangu alipopata kibarua kwenye kiwanda cha minofu, akawa analeta mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya minofu kupakiwa kwenye ndege. Jirani aliona hazina. Mifupa mikubwa kama ile! Akaichemsha kutwa nzima, akamaliza mkaa wangu wote, akawa anamnywesha mtoto supu kwa amri. Nesi alipoambiwa alicheka kwa upole, akasema supu ni nzuri, lakini mifupa yenyewe, bibi, bado iko chunguni. Mtoto apate ile anayoweza kuila. Jirani alibishana naye mbele ya kliniki nzima. Tuliporudi akaendelea kuchemsha mapanki yake, ila na kinu hakukiacha. Hivyo ndivyo alivyokuwa, akishindwa hoja anakwambia umeshindwa wewe.

Alikuwa na kauli zake. Mtoto akikaa ndani asubuhi alipiga kelele, "Mtoeni huyo, jua halilipishwi!" Na mtu akimwonea huruma Kabula kwa kukosa maziwa, alimjibu, "Hana kilema huyu, ana wivu wa tumbo." Sijui hata ilikuwa na maana gani, lakini ilinituliza.

Siku moja malori yalijaa mwaloni. Wanunuzi wa chakula cha kuku walikuwa wamekuja, wanabeba dagaa gunia kwa gunia, na wauzaji hawakutaka tena kuhangaika na sisi wa bakuli. Tulikwenda pamoja, mimi na Kabula mgongoni. Jirani alimkuta mnunuzi mmoja, baba mzima mwenye kofia, amekalia magunia ya wale dagaa wa kwenye mawe, wazuri, weupe.

"Nipimie kidogo."

"Hawa wameshanunuliwa, mama. Ni wa kuku."

"Kuku wa wapi?"

"Dar."

"Kuku wa Dar wana matege?"

Yule baba akacheka. "Hapana, mama."

"Basi wanaweza kungoja. Wangu anayo." Akanigeuza kwa bega, akaonyesha miguu ya Kabula iliyoning'inia pembeni mwa kanga, imepinda hivyo mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi ipasuke. Yule baba aliacha kucheka, akafungua gunia, akajaza kikapu na hakutaka chochote. Njia nzima nilimnunia Jirani. Aliniacha nimnunie hadi tukafika, ndipo akasema, "Aibu ya leo ndogo." Sikuelewa.

Nilielewa mama mkwe alipokuja. Alitoka kwake Sengerema na kibuyu cha maziwa, amekipakata kivukoni kama mtoto. Mama mwema kabisa, tusimsingizie. Aliona mjukuu wake anakunywa uji wenye dagaa, moyo ukamuuma. Mtoto wa watu wenye ng'ombe, analishwa chakula cha wavuvi, na bado miguu imepinda! Akamwambia mwanawe kwamba kosa ni letu, hatukumtengea mtoto ng'ombe. Mtoto akishatengewa ng'ombe wake, akakamuliwa huyo tu, maziwa yanamkubali. Yeye tayari amemtenga mmoja huko Sengerema, na haya kwenye kibuyu ni ya ng'ombe huyo. Mume wangu aliangalia chini. Kwa mama yake alikuwa hana ubishi. Mimi ni mkwe, ningesema nini? Nilisema, "Mama, tafadhali," basi. Kikombe kikamiminwa. Kabula alikuwa ameshafungua mdomo.

Jirani aliingia bila hodi. Nadhani alisikia kupitia ukutani. Alikichukua kikombe mkononi mwa mama mkwe wangu, akakiweka chini, kisha akapiga magoti mbele yake, akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mayu, shikamoo. Nisamehe. Na mimi nilimtengea wangu."

Mama mkwe akakiweka kibuyu chini.

"Wa kwanza alikuwa mwekundu. Maziwa yakamkataa mtoto, tukasema ng'ombe huyu hajampenda. Tukamtenga mwingine, mweusi. Akatapika damu. Tukasema labda anatakiwa wa upande wa baba. Tukatafuta wa upande wa baba. Mwisho tukayaacha maziwa, mayu, na tulipoyaacha hatukuweka kitu mahali pake. Samaki kwetu hawaliwi. Nilimlisha ugali wa muhogo na chumvi, nikafurahi kwamba hatapiki. Miguu ikapinda. Watu wakasema atanyooka."

Alikuwa anasema polepole, kwa sauti ile ya chini niliyoisikia siku ya beseni.

"Alikua hivyo hivyo na matege yake. Alikuwa na uso mzuri, akapata mume. Siku ya kuzaa njia ikakataa. Tulifika hospitali tumechelewa, na daktari akaniambia mifupa ya nyonga ilikaa vibaya tangu utotoni, mtoto hakuwa na pa kupita. Nikazika wote wawili, mayu. Ndani ya shuka moja. Ziwa lilikuwa pale pale mbele yangu miaka yote, na mimi nimeziba pua."

Mama mkwe wangu alilia kwanza, kisha mimi, kisha mume wangu akatoka nje. Jirani hakulia. Aliinuka, akajipangusa magoti, akamwambia Kabula, "Twende juani." Nikamwona kupitia dirishani amemsimamisha juu ya jiwe, amemshika mikono yote miwili. Nilimwonea uchungu ambao sijui niuelezeje.

Kesho yake niliamshwa na kinu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akitwanga, kanga kiunoni, na Jirani amesimama pembeni na pua yake iliyofungwa, anamkosoa.

Miguu ya Kabula ilinyooka. Haikunyooka mara moja, na kuna kipindi nilikata tamaa, lakini kila alipozidi kurefuka ndivyo ilivyokaa sawa, hadi akawa anaruka kamba na wenzake, mtu asiyejua hawezi kudhani. Jirani alimkagua kila asubuhi alipokuwa akienda shule. Hakuwahi kumsifia. Aliguna tu, akarudi ndani kunywa "maji" yake.

Halafu alianza kusahau. Aliacha chungu motoni, akanisalimia mara nyingi asubuhi moja, akamfukuza kuku ambaye hayupo. Kaka yake alikuja kumchukua kumrudisha kwao. Aliondoka akiwa ametuliza kichwa begani kwa kaka yake, bila kelele hata moja, na kinu akakiacha kwangu. Nyumba yake ikapangishwa kwa watu wengine.

Muuza maziwa wa baiskeli ndiye aliyeniletea habari, kwamba Jirani ni wa kitandani sasa. Nikamchukua Kabula, wakati huo msichana wa miaka minane mwenye maneno mengi, tukaenda. Wifi yake, mke wa kaka, alitupokea vizuri, lakini alikuwa amechoka.

"Hatambui mtu," alituambia. "Na chakula ni tabu. Maziwa ndiyo alikuwa anayapenda, si unajua? Sasa tukimletea anaziba kikombe kwa mkono. Anasema yaondolewe haraka, mtoto ataona. Tunamuuliza mtoto gani, hasemi."

Nilishindwa kujizuia. Nililia pale pale uani kabla hata sijamwona.

Alikuwa ameegemezwa ukutani, amepungua mpaka nikaogopa kumgusa. Nikasema, "Shikamoo, Jirani." Aliniangalia kwa adabu, kama mgeni wa mtu mwingine. Nikamwambia mimi ni nani, nikamtajia Igogo, jiwe, kinu, mapanki. Hakuna. Macho yake yakanipita, yakaenda kwa Kabula aliyesimama nyuma yangu, yakateremka usoni hadi miguuni, yakabaki hapo.

"Minza," akaita.

Nilishtuka. Miaka yote ile, hata siku aliyotusimulia, hakulitamka jina hilo. Wifi yake akasogea kumrekebisha, "Dada, huyu siyo..." Kabula akanitazama. Alikuwa analijua jina, kwa sababu nilishamweleza kisa cha miguu yake.

"Abee, mama," Kabula akaitika.

"Tembea nikuone."

Kabula alivua ndala, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Jirani akamwashiria asogee. Akaweka kidole gumba chini ya goti lake, akakishusha kwenye muundi hadi kifundoni, kisha mguu wa pili. Alichukua muda mrefu. Uso wake ulianza kukunjamana, machozi yakamtoka, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia.

"Imenyooka," alisema. "Mwanangu, imenyooka. Hata kuzaa utazaa vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikulisha?"

Kabula alinigeukia, kisha akamgeukia tena. "Wewe."

Jirani alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo zuri mno asiloliamini. Akafuta macho kwa kiganja. "Hebu tembea tena," akasema. Kabula akaenda mlangoni, akarudi. "Tena." Akaenda, akarudi, anachapa hatua, magoti juu, kama alivyokuwa akikaguliwa zamani asubuhi za shule. Jirani alimfuata kwa macho kwenda na kurudi mpaka kope zikawa nzito, akasinzia palepale alipoegemea. Nilimwashiria binti yangu aache sasa, twende. Hakuacha. Aliendelea kutembea kimya, mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, asije akafumbua macho akamkosa.